Lipa Fundi Apime Kwanza, Spea Baadaye

Wasee, leo siongei siasa wala mpira. Leo ni kuhusu gari ya mzee wangu na shilingi 18,000 zetu zilizoenda bure. Kama kwenu kuna gari ya zamani, au umeanza kuweka pesa ununue yako ya kwanza, soma hadi mwisho. Kama huna gari wala mpango, bado soma, juu hii story inahusu pia simu yako, boda ya bro wako na friji ya mathe.

Msimamo wangu nauweka hapa juu ndio usinielewe vibaya huko chini. Sisi tunakubali kulipa spea, lakini tunakataa kulipa kichwa cha fundi. Fundi akisema "leta elfu tisa ya betri," tunazunguka mtaa mzima tukikopa. Fundi akisema "nipe mia tano nipime kwanza," tunamuona mwizi. Halafu tunalia kwamba mafundi wanabahatisha. Kubahatisha tumewafundisha sisi.

Sasa story yenyewe.

Gari ya mzee ni saloon ya 1998. Imenizidi umri. Nyumbani tunaiita Nyanya, kwanza juu ni mzee na inalalamika asubuhi, pili juu ndani inanuka nyanya. Mathe ana kibanda cha chakula. Kila siku saa kumi alfajiri mzee anamtoa hadi Marikiti, wanajaza buti sukuma, viazi, vitunguu na nyanya, na saa kumi na mbili chai na chapati lazima ziwe mezani, juu watu wa mjengo hawangojei mtu. Gari isipowaka, hiyo siku imeharibika. Ukikodisha pikapu, faida yote imeisha kabla hujawasha jiko.

Asubuhi moja mzee anageuza ufunguo, anasikia tu tak-tak-tak. Jirani akaleta waya za jampa, ikawaka. Kesho yake, tak-tak-tak tena. Tukaita fundi wa mtaa, mtu tunamjua miaka mingi. Akafungua boneti, akaangalia betri kama sekunde tano, akasema, "Mzee, hii betri imezeeka." Mzee akatoa 9,000. Betri mpya ikaingia.

Siku nne tukaishi poa. Siku ya tano, tak-tak-tak.

Fundi akarudi. "Sasa kama betri ni mpya, hii ni altaneta." Na akatuonyesha ushahidi. Akawasha gari kwa jampa, halafu injini ikiwa inazunguka, akachomoa waya kwenye kichwa cha betri. Injini ikakohoa ikazima. "Mnaona? Altaneta imekufa." Sisi wote tukaitikia kwa vichwa kama watu wameona muujiza. 7,500 ya altaneta iliyotumika Japani, 1,500 ya kuifunga. Jumlisha na ile betri, 18,000.

Hiyo pesa haikutoka hewani. Ilikuwa fee yangu ya muhula. Nikakaa nyumbani wiki tatu na nikakosa CAT mbili, mzee akiniambia, "Vumilia kidogo, hii gari ikisimama tutarudisha." Sikumlaumu. Gari ndiyo inatulisha.

Siku ya tatu baada ya altaneta mpya, mzee na mathe walikuwa wanatoka kwa shughuli ya familia usiku, Thika Road, mvua inanyesha. Taa za mbele zikaanza kuwa rangi ya chai ya rangi. Waipa zikaanza kupanda kioo polepole kama zimechoka. Lori nyuma, matatu pembeni, na gari yao haionekani vizuri. Mzee aliweza kuitoa barabarani kabla izime kabisa. Mathe alipotupigia simu sauti yake ilikuwa inatetemeka, na mathe si mtu wa kutetemeka. Hapo ndipo hii kitu iliacha kuwa stori ya pesa kwangu.

Tukapelekwa kwa fundi wa umeme wa magari, mzee mmoja wa pole pole, begi moja na multimita. Kabla aguse boneti akasema, "Kupima ni mia tano. Nikipata shida, kutengeneza tutaongea. Nisipopata, hiyo mia tano bado ni yangu."

Mzee wangu akaruka. "Mia tano ya kuangalia tu?"

Mathe ndiye alitatua. "Baba watoto, mlipe. Tumeshatupa kumi na nane kwa watu ambao hata hawakuangalia."

Alipima kama dakika kumi. Betri tulikuwa tumeichajisha usiku, na kabla ya kuwasha ilisoma volti 12.6, yaani imejaa. Akawasha injini. Kwenye betri ikasoma 12.3. Akawasha taa na feni, ikashuka hadi 11.9 na ikaendelea kuteleza.

Hapa mafundi wengi wangesimama. Namba iko chini, injini inazunguka, basi altaneta imekufa, leta pesa. Yeye hakusimama. Akazima taa na feni, akapeleka ncha nyekundu ya multimita nyuma ya altaneta, kwenye ile nati nene inayotoa umeme, na ncha nyeusi kwenye mwili wa altaneta. Ikasoma 14.5.

Soma hiyo tena. Altaneta inatoa 14.5. Betri inapokea 12.3. Umeme unatengenezwa, lakini haufiki.

Akaweka ncha moja kwenye ile nati na nyingine kwenye kichwa chanya cha betri. 2.1. Akapima upande hasi, kutoka mwili wa altaneta hadi kichwa hasi cha betri. 0.1. Akaniita, "Kijana, wewe si ni mwanafunzi? Jumlisha 12.3 na 2.1 na 0.1." 14.5. Volti zote zimepatikana, hakuna hata moja imepotea. Zile 2.1 zilikuwa zinaliwa na waya katikati ya altaneta na betri.

Akafuata hiyo waya kwa mkono hadi pale inapoingia kwa kisanduku cha fyuzi. Kiungio kilikuwa kimejaa unga wa kijani na nyeupe, na kilikuwa moto. Alipovua plastiki, shaba ndani ilikuwa nyeusi, nyuzi nyingi zimekatika. Waya mpya na viungio vyake, shilingi 600. Tukawasha. Kwenye betri, 14.2.

Jumla 1,100. Betri yetu ya kwanza pengine ilikuwa na njaa tu. Altaneta yetu ya kwanza pengine ilikuwa nzima kabisa. Tulirudi kuiulizia kwa gereji, haikuwepo.

Sasa nataka tuelewane kuhusu hii mashine, juu ukielewa inavyofanya kazi huwezi kudanganywa kirahisi. Kazi kubwa ya betri ni kuwasha injini. Injini ikishawaka, anayelisha gari ni altaneta. Mkanda wa injini unaizungusha. Ndani kuna koili inayogeuka kuwa sumaku ikipata umeme kidogo kupitia vipande viwili vya kaboni, na hiyo sumaku ikizunguka inazalisha umeme kwenye waya za shaba zilizo pembeni. Umeme huo unatoka ukiwa wa kwenda na kurudi, kama wa ukutani, na betri haiwezi kuhifadhi umeme wa hivyo. Diodi zinaunyoosha uende upande mmoja. Halafu kuna kidhibiti, mafundi wanakiita regyuleta, kinachochunga volti zisipande sana.

Kwa hivyo mtu akisema "altaneta imekufa," uliza, nini hasa kimekufa? Inaweza kuwa kaboni zimeisha, na hizo zinabadilishwa bila kununua altaneta nzima. Inaweza kuwa diodi moja. Inaweza kuwa regyuleta, au beringi inayopiga kelele. Inaweza kuwa mkanda umelegea na unateleza, hasa asubuhi ukiwasha taa na unasikia ule mlio wa kama panya. Inaweza kuwa fyuzi. Na inaweza kuwa waya ya 600, kama yetu. Dalili kwa dereva zinafanana karibu zote: betri inaisha. Ndio maana macho peke yake hayatoshi.

Hata ile taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi si hakimu. Yetu ilikuwa inazima vizuri baada ya kuwasha, juu altaneta yenyewe ilikuwa inafanya kazi. Inachoweza kukuonyesha ni hivi: ukiwasha swichi kabla ya injini, lazima iwake. Isipowaka, usifurahi. Kwenye magari mengi ya zamani, umeme wa kuamsha altaneta unapitia hiyo taa, na balbu ikiungua altaneta inaweza kukataa kuchaji. Balbu ndogo tu. Kuna watu wamenunua altaneta kwa sababu ya balbu.

Na ule muujiza wa kuchomoa waya ya betri injini ikizunguka? Tafadhali usimruhusu mtu afanye hivyo kwa gari yenu. Ni ujanja wa enzi za dainamo, kabla altaneta hazijashika soko miaka ya 1960, na gari hazikuwa na kompyuta. Betri ndiyo inatuliza volti. Ukiitoa ghafla, volti zinaweza kuruka juu sana kwa muda mfupi na kuchoma diodi, regyuleta au kompyuta ya injini. Yaani unaweza kuingia na altaneta nzima na utoke na iliyokufa, halafu uambiwe, "Si nilikuambia?" Na hata injini ikizima, hujajua kama ni altaneta au ni njia ya umeme. Kwetu ilizima, na altaneta ilikuwa inatoa 14.5.

Sasa ile sehemu unaweza kufanya mwenyewe. Multimita ya kawaida nilinunua kwa 900. Weka kwenye volti za DC, ile alama ya 20. Ncha nyekundu iwe kwenye tundu la volti, si lile la ampia 10, juu ukigusa betri na hiyo utatengeneza shoti. Gari iwe nyutro au P, hendibreki juu. Funga nywele, vua shanga, weka mikono na waya mbali na mkanda, na usivute sigara karibu na betri, gesi inayotoka wakati wa kuchaji inaweza kulipuka.

Kabla ya multimita, angalia kwa macho. Mkanda umepasuka, unang'aa, umelegea? Vichwa vya betri vimekaza, havina unga? Fyuzi ni nzima? Hizo ni bure.

Halafu chukua namba nne na uziandike.

Namba ya kwanza ni betri ikiwa imelala, yaani gari imekaa masaa kadhaa bila kuwashwa. Karibu 12.6 imejaa. Karibu 12.2 iko nusu. Chini ya 12 imeisha, ichajishe kwanza kabla ya kulaumu mtu yeyote. Na ikishachajiwa, kama inaanguka tena ikiwa imekaa tu bila kuunganishwa na gari, hapo ndipo unaweza kushuku betri yenyewe.

Namba ya pili ni kwenye betri, injini ikizunguka, kila kitu kimezimwa. Gari nyingi za zamani zitasoma kati ya 13.5 na 14.7. Ikibaki pale pale ilipokuwa kabla ya kuwasha, au ikishuka, betri haipati chakula. Ikipita 15, regyuleta imeacha kuchunga na betri itachemka. Watu wanaogopa namba ya chini tu, lakini hiyo ya juu pia inaua betri.

Namba ya tatu ni kwenye betri, na mzigo. Washa taa kubwa, feni hadi mwisho, na ule umeme wa kutoa ukungu kwenye kioo cha nyuma. Mtu akanyage mafuta kidogo. Isishuke chini ya 13. Ikiwa bila mzigo ilikuwa sawa na kwa mzigo inaanguka, shuku mkanda unaoteleza, diodi, au waya mbovu. Na kama wewe ni wale wa kufunga spika kubwa kwenye buti, hapa ndipo utajijua. Altaneta nyingi za gari ndogo za miaka hiyo zinatoa kama ampia 60 hadi 90. Haikutengenezwa ilishe disko.

Namba ya nne ndiyo iliyotuokoa. Ni ile ya nyuma ya altaneta yenyewe, mzigo ukiwa umewashwa. Ilinganishe na ya betri wakati huo huo. Zikitofautiana kwa zaidi ya nusu volti hivi, tatizo liko njiani, kwenye waya, viungio au fyuzi. Zote mbili zikiwa chini, sasa tuongee kuhusu altaneta. Hii ukiogopa kuingiza mkono karibu na mkanda, mwachie fundi. Hakuna aibu.

Kuna kipimo kimoja zaidi, cha diodi, ambacho fundi anatafuta volti za kwenda na kurudi zikivuja kwenye betri. Zikipita kama nusu volti, diodi inashukiwa. Multimita nyingi za bei ya chini hazisomi vizuri volti ndogo za hivyo, kwa hivyo usijipe presha. Jua tu kwamba diodi mbovu inaweza pia kunyonya betri usiku gari ikiwa imezimwa. Ukiona namba zote nne ni safi na bado asubuhi gari haiwaki, mwambie fundi apime kinachokunywa umeme usiku.

Naona mtu ameshaanza kusema, "Kwa hivyo mafundi wote ni wezi?" Hapana, na hapa ndipo nataka tusikilizane.

Nilimrudia yule fundi wa kwanza. Sikuenda kupigana, nilienda kuuliza. Nikamwambia ilikuwa waya. Akanyamaza, halafu akaniambia kitu ambacho sijaweza kukisahau. "Kijana, ningepima nusu saa nimwambie mzee hakuna spea ya kununua, angenilipa ngapi?"

Nilijua jibu. Mzee wangu angesema, "Asante sana fundi, Mungu akubariki," na angeondoka. Nimemuona akifanya hivyo. Na si yeye peke yake. Sisi wote tunalipa fundi pale tu kitu kipya kinaingia kwenye gari. Hatuoni kazi bila kuona boksi. Sasa fikiria wewe ndiye fundi. Una rent, una watoto, na njia pekee ya kulipwa ni kubadilisha kitu. Utapima, ama utabadilisha? Wengine wanapata pia kitu kidogo kutoka kwa duka la spea. Mfumo wenyewe unamlipa anayebahatisha na unamnyima anayejua.

Simtetei. Alikosea, na kosa lake lingeweza kuniachia mathe Thika Road. Lakini tukimfukuza yeye na tabia yetu ibaki, atakayekuja atafanya vile vile.

Wengine watasema, "Nitampa mia tano, aikule, na bado abahatishe." Inawezekana. Ndio maana nasema ulipe namba, si maneno. "Altaneta imeisha" ni maneno. "Betri 12.6, ikizunguka 12.3, nyuma ya altaneta 14.5" ni kipimo. Mwambie kabla hajaanza, kwa heshima, "Fundi, nitakulipa kupima, lakini naomba uniandikie namba." Fundi anayejua kazi hatakasirika. Wengi watafurahi, juu mara ya kwanza mtu amekuja kununua kile walichosomea miaka mingi. Anayekasirika, amekujibu tayari.

Wengine watasema, "Fundi mzoefu anasikia tu, haitaji mita." Nawaheshimu sana hao wenye masikio. Kuna fundi atasikia beringi ya altaneta kutoka upande ule mwingine wa barabara. Lakini volti hazina sauti. Ile waya yetu haikulia, haikunuka, na haikuonekana hadi ilipovuliwa. Sikio likuonyeshe pa kuanzia, mita ikuonyeshe pa kusimama.

Na kuna wale wa, "Hiyo mia tano mimi sina." Ndugu yangu, wewe ndiye naongea naye zaidi. Mwenye pesa akibahatisha mara tatu anaudhika tu. Sisi tukibahatisha mara mbili, mtu anatoka shule. Kubahatisha ni anasa ya mtu aliye na pesa ya kupoteza. Sisi ambao shilingi zetu zimehesabiwa ndio tunahitaji kupima kuliko mtu yeyote, na kwa ajabu ndio tunakataa kwanza, juu 500 ya kupima inaonekana kama ya kutupa na 9,000 ya betri inaonekana kama mali.

Na ndio maana nilisema hii si story ya gari tu. Simu haishiki chaji, tunakimbilia betri mpya kabla mtu asafishe tundu lililojaa uchafu. Friji haigandishi, tunaambiwa gesi imeisha, tunalipa, wiki ijayo imerudi vile vile. Boda haichaji, nayo ina vitu vyake vya kuzalisha na kudhibiti umeme, lakini kijana ananunua betri ya tatu mwaka huu. Mahali pote tunaruka swali na kununua jibu.

Hii nchi haikubali kuingiza gari iliyotumika ikiwa imepita miaka minane tangu isajiliwe mara ya kwanza, lakini ikishaingia inakaa nasi miaka mingine ishirini. Ndizo tutanunua kama gari zetu za kwanza, wengi wetu. Waya zake zitakuwa zimechoka, viungio vitakuwa na kutu. Hilo si kosa la aliyeitengeneza, ni umri. Kizazi chetu kikirithi hizo gari pamoja na tabia ya "badilisha tujaribu," tutakuwa tunalipia gari moja mara mbili.

Kwa hivyo nimefanya mambo matatu nyumbani. Multimita inakaa kwa gari, chini ya kiti. Mzee ameanza daftari, kila Jumapili anaandika namba mbili, ya kulala na ya kuzunguka. Alianza kwa kunicheka, sasa akisahau anakasirika. Na tatu, fundi wa mtaa tumekubaliana naye: akija, kupima ni 500, iwe kuna spea au hakuna. Mara ya mwisho alipima, akasema gari iko sawa, ni mkanda tu unahitaji kukazwa. Akakaza. Mzee akamlipa na hakunung'unika. Sawa, alinung'unika kidogo.

Mimi nimerudi darasani, zile CAT nitazifanya kama special. Jumapili iliyopita Nyanya ilisoma 12.6 na 14.2. Kama gari yenu inakusumbua asubuhi wiki hii, usiulize bei ya altaneta kwanza. Uliza fundi anapima kwa ngapi, mlipe, na usiondoke bila namba zako nne.